Baba Mkwe na Kiwanja cha Vijana

Baba mkwe wangu alikuwa mjumbe wa baraza la mji, diwani kama wanavyosema siku hizi, na sikumaliza mwaka katika nyumba yake kabla sijaanza kumchukia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wote waliokuwa na haki ya kuudhika wameshatangulia, na kwa sababu wajukuu zangu huniuliza mbona picha yake haimo ukutani.

Niliolewa na mwanawe nikitokea Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, miaka ya hamsini ilipokuwa imefika katikati. Kwetu wanawake tulifukia makumbi ya nazi pwani, yakilainika tukayaponda na kusokota kamba. Nikaingizwa nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, Kiponda, mjini, katika kichochoro chembamba hata baiskeli mbili zikikutana lazima mmoja ashuke. Siku ya pili ya harusi baba mkwe alinitazama mikono akamwambia mkewe, mimi nikiwa nimesimama palepale, "Mwambie ajisugue kwa ndimu. Anatoka harufu ya makumbi."

Kila siku baada ya sala ya Alasiri alikaa barazani, nje ya mlango wake, na wenzake watatu wanne, wazee wa kanzu safi na bakora. Kazi yangu ilikuwa kupika kahawa na kuipitisha mlangoni bila ya kuonekana. Dirisha la chumba changu lilikuwa juu ya vichwa vyao, kwa hivyo hapana neno lililonipita.

Hakuchaguliwa na mtu yeyote. Serikali ndiyo iliyomteua, na yeye aliona hiyo ndiyo sifa yenyewe. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu: mbuzi wanaozurura, taka zinazomwagwa madirishani, baiskeli zisizo na taa, ngoma za harusi zinazokesha, wanawake wanaokwenda sinema. Lakini maoni yaliyompandisha sauti yalikuwa juu ya vijana. Kijana, kwa rai yake, alikuwa kitu cha kuzuiliwa mpaka aoe, na akishaoa watoto wamzuie.

"Wanasema hawana pa kwenda," alikuwa akisema. "Msikiti upo. Chuo kipo. Kazi ipo kwa anayeitaka. Pa kwenda wapi tena?"

Wenzake wakiitikia, "Naam, naam," na mimi juu dirishani nikimwaga kahawa iliyobaki nikitamani imwangukie.

Wakati ule mkono wa bahari uliokuwa ukiingia baina ya Mji wa nyumba za mawe na Ng'ambo, mitaa ya makuti upande wa pili, ulikuwa unafukiwa. Magari yalimwaga kifusi na mchanga, na pale palipokuwa na matope na uvundo pakatokea ardhi tupu, tambarare. Serikali ilikuwa haijaamua iwe ya nini. Vijana waliamua kabla yake. Kila jioni walikuja wa huku na wa kule, wakasimamisha miti miwili kila upande, wakapiga mpira mpaka giza likawa haliwaonyeshi tena miguu yao. Viwanja vizuri vilikuwepo, lakini vilikuwa vya timu zenye viatu na jezi. Hawa walicheza pekupeku.

Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mchana alikuwa karani katika bohari ya bandarini, mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Jioni alipita kwa rafiki yake, akavaa kaptura, akaenda kucheza. Nguo zile alinipa mimi kimyakimya, nami nikazifua na kuzianika nyuma ya mashuka uani.

Siku moja baba mkwe alikuja uani kutafuta maji ya kutawadha, akalisogeza shuka kwa bakora.

"Nguo hii ya nani?"

"Ya mwanao, baba."

"Mwanangu analima mpunga?"

Nikalirudisha shuka pahala pake. Jioni ile alimngoja mwanawe mlangoni. Mume wangu aliporudi hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Unacheza na nani kule?"

"Na vijana wenzangu, baba."

"Nakuuliza watoto wa nani. Unawajua baba zao?"

"Wengine nnawajua. Wengine nnawajua wao wenyewe, basi."

"Wachukuzi. Wauza maji. Watu wametoka bara juzi hawajui hata babu zao wamezikwa wapi. Na mwanangu mimi anagaragara nao matopeni, watu wanapita wanatazama."

Mume wangu alisema kwa utulivu kwamba wachukuzi wale ndio anaofanya nao kazi mchana kutwa bandarini, na hapana aliyewahi kumkataza. Baba mkwe alimwambia kazi ni kazi. Hakumpiga marufuku. Alisema tu kwamba kiwanja kile atakimaliza.

Baada ya hapo vijana wakatuma watu wawili kwake, kwa kuwa ndiye diwani aliyekuwa karibu nao. Msemaji wao alikuwa fundi cherahani wa Kikwajuni, huko Ng'ambo, kijana mrefu aliyekuwa nahodha wao, mpole wa maneno. Walifika barazani wakaamkia, "Shikamoo, mzee." Aliwajibu, "Marahaba," lakini hakuwakaribisha kukaa. Nikasogea dirishani.

Fundi alieleza. Waliomba ardhi ile iachwe iwe kiwanja cha mpira. Waliomba bomba moja la maji pembeni, la wachezaji na la watu wa Ng'ambo waliokuwa wakipanga foleni ya ndoo tangu alfajiri. Na ikiwezekana, chumba kidogo cha kusomea magazeti na kusikiliza redio, ili vijana wasikae mabarabarani.

"Mshamaliza?" akauliza baba mkwe.

"Tushamaliza, mzee."

"Basi nisikilizeni. Mpira mnautaka mpigane. Bomba mnalitaka mlivunje. Na chumba mnakitaka cha siasa. Nyinyi mnadhani sisi hatujui? Kila panapowekwa redio na magazeti panawekwa na matusi. Mimi ntapeleka rai yangu baraza la mji: pale patiwe bustani. Maua, viti, uzio. Mtu mzima apate pahala pa kupumzika na heshima yake."

"Na vijana, mzee?"

"Vijana wakue."

Wale wazee wakacheka. Fundi alisimama kidogo kama mtu aliyesahau njia, kisha akasema, "Ahsante, mzee," wakaondoka. Mpaka leo sijui alizipata wapi zile adabu.

Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wa mji akaona bora watu waulizwe. Akaitisha mkutano katika ukumbi wa skuli, jioni, kila mtu aje. Wanaume walikaa ndani, wanawake tukasimama varandani kwenye madirisha, mabuibui yamebanana. Mama mkwe hakutaka kuja. Mimi nilimwambia nakwenda kwa shangazi yangu, nikenda mkutanoni.

Baba mkwe alizungumza wa kwanza. Siwezi kusema alizungumza vibaya. Alikuwa na sauti nzuri na Kiswahili safi, kila herufi ya Kiarabu inatoka pale inapostahiki. Alisema mji unaharibika. Alisema kijana wa leo hamwamkii mzee, anavuta sigara mbele ya baba yake, anajua majina ya wachezaji wa sinema kuliko sura za Kurani. Ukimpa kiwanja, atataka jukwaa. Ukimpa chumba, atakifanya kilabu. Akasema, "Tusiwalipe watu kwa utovu wa adabu."

Mwanamke mmoja varandani, mtu mzima, muuza vitumbua wa Ng'ambo, akapaza sauti kupitia dirishani: "Na maji je, bwana? Sisi hatuchezi mpira. Tunataka maji!"

Ukumbi ukavuma. Baba mkwe hakugeuka. Alisema, "Wanawake wana waume zao wa kuwasemea."

"Mimi mjane!" akajibu yule mwanamke, na watu wakaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akisimama. Alikuwa amekaa nyuma na wenzake. Akamwomba Mzungu ruhusa, akapewa.

"Mimi ni mmoja katika hao wanaocheza pale," alisema. "Sinywi pombe, sijamtukana mtu, kila siku nakwenda kazini na kila Ijumaa nakwenda msikitini. Na wenzangu hivyo hivyo. Mzee aliyezungumza hajafika kiwanjani hata mara moja. Anapita na gari, anafunga kioo. Nataka kumuuliza mbele ya watu: ubaya gani alioushuhudia pale kwa macho yake, isipokuwa kwamba wa Mji na wa Ng'ambo tunacheza pamoja?"

Mtu kumjibu baba yake mbele ya kadamnasi, na mbele ya Mzungu, hakikuwa kitu tulichowahi kukiona. Hata vijana wenyewe waliinamisha vichwa.

Baba mkwe aliinuka pole pole. "Bwana mwenyekiti," alisema, "nataka iandikwe kwamba huyu aliyesema si mwanangu. Mimi nilikuwa na mwana. Alikuwa na adabu."

Akatoka. Alipita karibu yangu varandani, bakora yake ikigonga sakafu, na nilijibana ukutani nikiomba buibui linifiche. Halikunificha.

Tulipofika nyumbani mlango ulikuwa wazi na vitu vyetu vimeshatolewa vyumbani, vimewekwa ukumbini: godoro limekunjwa, sanduku langu, suruali za mume wangu. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake anasoma Kurani na hakuinua uso. Mume wangu alimwita, "Baba." Hakujibiwa. Akamwita tena. Kisha akainama akabeba godoro.

Mama mkwe ndiye aliyenisemesha mimi. Nilitaraji angalau machozi. Alinishika mkono nilipokuwa nafunga sanduku, akasema taratibu, ili wanaume wasisikie, "Ulikuja hapa na kikapu kimoja. Unaondoka na mwanangu."

"Mama, mimi sikumtoa."

"Ungempokonya zile kaptura, asingefika huko. Uliona, ukafua."

Neno lile lilinikaa zaidi ya yote aliyowahi kusema mumewe. Nilibeba sanduku langu nikatoka.

Tulipanga chumba Kikwajuni, nyumba ya udongo na makuti, kwa msaada wa yule fundi cherahani. Nilipanga foleni ya maji na wanawake wengine, ndoo kichwani, na wakijua mimi ni mke wa nani. Wengine walinionea huruma. Mmoja alinisukuma nje ya foleni akaniambia nikachote kwa mkwe wangu kwenye mabomba ya nyumbani kwake. Nami nilimsukuma pia, maji yakamwagika, tukatukanana mpaka koo zikatukauka.

Baraza la mji likapitisha bustani. Wakaja mafundi, wakachimba mashimo, wakatia nguzo na kuizungushia ardhi ile seng'enge. Miti ya magoli ikang'olewa. Pakapandwa maua, pakawekwa viti vya saruji, na ubao mlangoni unaokataza mpira, baiskeli na watoto wasio na wakubwa wao. Bomba liliwekwa moja, ndani ya uzio, la kumwagilia maua. Wanawake wa Ng'ambo walisimama nje na ndoo zao wakitazama majani yakinyweshwa.

Haukupita muda seng'enge ikakutwa imekatwa. Maua yamekanyagwa, ubao umeng'olewa, na yale maji ya bomba yameachwa yakimwagika ovyo. Siku ile ile polisi walikuja kwetu. Mume wangu alikuwa anakula. Askari alikuwa mtu wa heshima. Alimwacha amalize tonge na anawe, kisha akamchukua.

Hakuwa yeye. Usiku ule alikuwa na mimi, tena na homa, nimemkanda kwa maji mpaka kulipokucha. Nilikwenda kituoni nikasema hivyo, na yule aliyekuwa mezani akaniambia mke ndivyo husema. Walimweka ndani, wakamhoji, wakamhoji tena, kisha wakamwacha kwa kukosa ushahidi. Bandarini hawakumrudisha kazini. Walisema hawataki watu wa polisi.

Ni yule askari mwenye heshima aliyeniambia, bila ya mimi kumuuliza sana, kwamba baraza liliwataka madiwani wataje watu wanaowashuku. Diwani mmoja tu ndiye aliyetaja jina. Nilijua ni nani kabla hajamaliza.

Nilivaa buibui langu nikatembea mpaka Kiponda. Ilikuwa baada ya Alasiri. Walikuwa wote barazani, na mtu mwengine ndani ndiye aliyekuwa akiwapikia kahawa. Nilisimama mbele yao, katikati ya kichochoro, pahala ambapo miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kusimama.

"Shikamoo, baba."

Aliduwaa. "Marahaba," alisema, kwa mazoea tu.

"Umemtaja mwanao kwa polisi."

Mzee mmoja akasema, "Bibi, nenda zako, haya si maneno ya barazani."

"Mimi nimesikia maneno ya baraza hii kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri," nikamwambia. "Yote nimeyasikia, pale dirishani. Na kahawa mlizokunywa nimezipika mimi. Leo na nyie nisikilizeni." Kisha nikamgeukia yeye. "Alikuwa mgonjwa kitandani. Hakukata chochote. Amefukuzwa kazi. Ulimwona akikata? Ulimwona?"

"Sikumwona," alisema baba mkwe.

"Basi kwa nini?"

Aliweka kikombe chini. Nilitaraji ghadhabu, na ghadhabu ningeiweza. Alizungumza kama mtu anayemweleza mtoto hesabu.

"Niliulizwa nani nnayemshuku. Nilimshuku yeye. Alisimama mbele ya watu akatetea kiwanja kile kuliko mtu mwengine yeyote. Lau angekuwa mwana wa jirani ningemtaja, na wewe usingekuja hapa. Sasa unataka nimfiche kwa kuwa ni wangu? Halafu niwaambie nini wenye watoto?"

"Ulisema si wako."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Wale wazee wakatazama vikombe vyao. Nilikuwa na mengine ya kusema, nimeyapanga njia nzima, lakini nikaona hilo limeingia na sikutaka kulitoa kwa kuongeza jengine.

"Nenda kwenu Paje," alisema mwishowe, sauti imepungua. "Kasokote kamba."

"Ntakwenda nikitaka," nikamwambia. "Na hutakunywa tena kahawa ya mkono wangu, wala hutamwona mtoto wetu." Nilikuwa na mimba, na hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu. Niligeuka nikaondoka, na nilipofika Darajani nikakaa chini kwenye kizingiti cha duka la watu mpaka mwenye duka akanitolea maji.

Neno nililoliapa nililitimiza. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja peke yake, amejifunika, na kikapu cha machungwa, akambeba mjukuu wake bila ya kusema mengi. Yeye nilimruhusu. Hatukuwahi kulizungumza lile alilonambia siku ile, na wala hakuwahi kuniomba radhi. Alipokuwa akiondoka aliuliza, "Nimwambie amefanana na nani?" Nikamwambia, "Usimwambie kitu."

Bustani haikushika. Ardhi ya kufukia ile ilikuwa na chumvi chini, na kila walichokipanda kilitoa majani mawili kikakauka. Wazee waliotengenezewa viti hawakukaa, kwa kuwa hapakuwa na kivuli. Baraza la mji likachoka kulipa mtu wa kumwagilia. Baadaye wakatoa chumba kwa ajili ya vijana, katika nyumba ya serikali, na wakamweka baba mkwe awe msimamizi wake. Aliweka masharti: hapana redio, hapana kuzungumza siasa, hapana wasichana, kinafungwa kabla ya Magharibi, yaani wakati ule ule vijana wanapotoka makazini. Nilikipita mara nyingi. Mlango wazi, meza imepangwa magazeti, na ndani hapana mtu. Yeye alikuwa akisema barazani, nilivyosimuliwa, kwamba ameshawapa na hawakutaka.

Mume wangu alipata kazi kwa fundi baiskeli Miembeni. Suruali za pasi zikakaa sandukuni. Mpira aliendelea kucheza, wakihama kutoka kipande cha ardhi mpaka chengine, kila kipande kikiwa na mtu wa kuwafukuza. Zile siku za mwisho za muongo ule watu waligawika kwa vyama vya siasa, hata madukani na misibani, na wale wa Mji na wa Ng'ambo waliokuwa wakigombania mpira tu, wakaanza kugombania mengine. Sisemi baba mkwe ndiye aliyelileta hilo. Lilikuwa kubwa kuliko yeye. Nasema tu kwamba pahala pamoja walipokuwa wakikutana bila ya kuulizana baba zao, yeye alipazungushia seng'enge.

Alikufa ghafla, msikitini, kabla ya sala ya Ijumaa. Mume wangu aliletewa khabari akiwa kazini, mikono imejaa mafuta ya minyororo. Alinawa, akavaa kanzu, akenda kumwosha baba yake na kuingia naye kaburini. Mimi nilikaa na wanawake ghorofani, kule Kiponda. Wengi walilia. Mmoja wa jirani alisema marehemu ndiye aliyepigania mitaro ya kichochoro kile ifunikwe, hata watoto wakaacha kutumbukia, na kwamba hakuchukua rushwa hata ya ndizi. Ni kweli. Sijapata kulikanusha hilo. Nilikaa kimya, nimemshika mwanangu, wala sikulia.

Tulirudi Kikwajuni kwa miguu, mtoto amelala begani kwa baba yake.

"Umemsamehe?" nilimuuliza.

Alitembea kidogo. "Nilipomshika kumlaza alikuwa mwepesi sana," alisema. "Sikutegemea. Na weye?"

"Miye bado."

"Haya," alisema, akamhamisha mtoto bega la pili, tukaendelea na njia.